Nani Alikuwa Anakata Umeme wa Nyumba Yangu ya Mechi

Mjomba wangu wa mtaa wa Makomeno alisema sitamaliza msimu mmoja wa mvua. Mzee wa kwaya alisema watu wanaorudi kutoka kusini huwa wanarudi na viatu vizuri na maneno mengi, basi. Jirani yangu wa mtaa wa Ruashi, muuza simu, hakusema kitu. Alinitazama tu nikishusha makartoni kwenye pikipiki, akaendelea kufuta vioo vya simu zake kwa kitambaa. Kwa sababu ya ule ukimya, yeye ndiye niliyeanza kumshuku kabla ya wengine wote.

Nilikuwa nimekaa Johannesburg miaka tisa, na sikwenda kule kutembea. Asubuhi niliosha magari, jioni nikaenda darasani, mpaka nikapata diploma ya ufundi wa elektroniki, yenye muhuri, yenye jina langu lililoandikwa bila kosa, jambo ambalo hata cheti changu cha ubatizo hakikuweza. Nasema haya waziwazi kwa kuwa mjini Lubumbashi kuna watu wanaodhani diploma ya ng'ambo inanunuliwa sokoni pamoja na fremu yake. Yangu niliitolea jasho. Nilirudi kwa njia ya Sakania nikiwa na konsoli tatu za michezo zilizofungwa ndani ya mablanketi. Mpakani afisa mmoja aliniuliza nimebeba nini, nikamjibu kwamba nimebeba kazi.

"Ni kazi gani inalala mu blanketi?" akaniuliza.

Nikamwambia siku akifika Ruashi ataikuta imeamka.

Wazo langu lilikuwa rahisi, na bado naamini lilikuwa zuri. Kule kusini niliona konsoli moja katika kila nyumba, imewekwa chini ya televisheni, na mtoto mmoja anaicheza peke yake. Kwetu nyumba chache ndizo zinazoweza kununua kitu kama hicho. Lakini konsoli moja katika chumba chenye viti inaweza kutumika na mtaa mzima: vijana wanaosoma chuo, madereva wa pikipiki wanaongoja abiria, wachimbaji wanaotoka zamu. Mtu analipa mechi moja ya mpira, anacheza, anapiga kelele, anaondoka ametulia. Wale wanaotengeneza konsoli wanahesabu nyumba. Sisi hawajawahi kutuhesabu, kwa sababu hawajui kwamba mashine moja inaweza kuwa na wenyewe mia.

Nilikuwa na konsoli tatu, na zaidi ya hapo sikuwa na kitu. Kwa hiyo niliazima. Dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya kama ipasavyo, aliniazima chumba cha mbele katika kiwanja chake cha Ruashi na televisheni yake kubwa. Kwaya iliniazima mabenchi manne. Jirani muuza simu aliniazima jenereta yake ndogo, kwa ajili ya siku ambazo umeme wa mji unakatika. Mjomba alichelewa. Alingoja miezi miwili mpaka aliposikia kwamba chumba kinajaa, ndipo akaniita Makomeno. Alikuwa amefanya kazi ya reli maisha yake yote na alipenda kumkagua mtu kama anavyokagua behewa.

"Mwipwa wangu," akaniambia, "diploma yote ile, na njo unauzisha mechi?"

"Njo vile, mjomba."

"Sawa. Televizyo yangu ile pale. Baba yako tulimuzika bila muntu hata mumoja kumudai sufuria. Usituletee haya."

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Kwetu kitu cha kuazima kinarudi kama kilivyotoka. Mtu aliyerudisha kitu kibovu anatajwa kwa jambo hilo hata siku ya kilio chake, wakati watu wamekaa kwenye mikeka na hawana habari nyingine ya kusema. Niliwaambia wote wanne neno lilelile: vitu vyenu vitarudi vizima, na vitarudi siku nitakayokuwa siwezi tena kuitwa mwombaji. Nililisema mbele ya watu. Tangu siku hiyo sikulala bila kufikiria televisheni mbili, mabenchi manne na jenereta moja.

Mwanzoni, wote waliosema nitashindwa walinyamaza. Chumba kilijaa tangu saa tano asubuhi. Nilianza na televisheni ya yaya peke yake, kisha ikaja ya mjomba, kisha nikanunua ya tatu kwa mkono wangu. Nyaya zote nilizivuta mwenyewe. Nje, kwenye kijia nyuma ya chumba, niliweka kile kisanduku kinachokata umeme, ambacho sisi tunakiita disjoncteur. Na kwa sababu yaya alinipokea vizuri, nilimvutia soketi moja kwenye chumba chake cha nyuma kutoka kwenye laini yangu, kama zawadi ya fundi. Ukutani nikatundika diploma, na chini yake nikaandika sheria kwa herufi kubwa: UMEME UKIKATIKA, MECHI INAANZA UPYA, BILA KULIPA. Hakuna nyumba nyingine ya mechi iliyokuwa na sheria kama hiyo. Watu walitoka mitaa ya mbali kwa ajili yake.

Kisha umeme ukaanza kukatika kwa namna isiyo ya kawaida.

Umeme wa mji ukikatika, mtaa wote unajua. Redio zinanyamaza, mashine ya kusaga inanyamaza, watu wanaguna pamoja. Huu ulikuwa unakatika kwangu tu. Nilitoka nje nikaona taa ya jirani inawaka, nikaona taa ya yaya mlangoni inawaka, nikaenda kwenye kijia nikakuta kijiti cha disjoncteur kimeshuka. Nikakipandisha. Kesho yake, kati ya saa tisa na saa kumi, kimeshuka tena. Siku ya tatu tena. Kila mara palikuwa na mtu anayefungwa, na kila mara aliyekuwa anafungwa alinyoosha kidole kwenye sheria yangu ukutani na kudai mechi ianze upya.

Nikasema moyoni, kuna mkono hapa.

Nilinunua daftari. Kila umeme ulipokatika niliandika nani alikuwa ndani, nani alikuwa ametoka kukojoa, nani alikuwa anaongoza na nani alikuwa anafungwa. Nilimwandika dereva mmoja wa pikipiki mara sita, kwa sababu alikuwa anafungwa kila siku na alikuwa na kibofu kidogo. Niliwaandika wanafunzi wawili waliokuwa wanacheka kabla ya giza, si baada yake. Nilimwandika hata mzee wa kwaya, aliyepita siku moja kuangalia mabenchi yake na kukaa karibu na mlango muda mrefu kuliko mtu anayeangalia mabenchi.

Daftari lilinifundisha jambo lingine. Umeme ulipokatika, wateja hawakuondoka. Walitoa simu mfukoni. Wakati mimi niko nje napandisha kijiti, wao walikuwa wamekwisha kuanza mchezo mwingine kwenye kioo kidogo, wawili wawili, vichwa vimegusana. Nikirudi na kusema umeme umekuja, mmoja anasema, "Ngoja, patron, tumalize hii kwanza." Wananifanya mimi ningoje, katika chumba changu, mbele ya televisheni kubwa ya yaya. Siku zikapita, wakawa hawaingii ndani hata kidogo. Walikaa kwenye ukuta wa nje, kwenye kivuli cha nyumba yangu, wakicheza mpira wa kwenye simu.

Na nani aliuza zile simu? Nani alikuwa ameweka mbele ya duka lake kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu TUNAWEKA JEU MU TELEFONE NA TABLETTE? Jirani yangu. Yule mnyamavu. Alikuwa ameleta tablette za bei ndogo, zile simu pana kama daftari la shule, na kila aliyenunua alipewa michezo minne ndani bila kulipa. Sasa nikaona mambo yote yanapangika. Mtu aniazime jenereta yake bila kuombwa mara mbili? Anaazima ili aonekane mwema. Kisha anamlipa mtu ashushe kijiti saa tisa, wateja wangu wanashika simu, simu zinawaonjesha, kesho yake wako kwenye meza yake. Nilikuwa na hakika kama mtu mwenye hati mkononi.

Sikuwashuku watu peke yao. Niliishuku na ile michezo. Mimi ni mtu wa elektroniki, najua kwamba hakuna mashine inayofanya kazi bure, na mchezo unaotolewa bure lazima uwe unakula kitu. Nikamwomba mwanafunzi mmoja anioneshe. Alicheza dakika tano vizuri, kisha kioo kikamwambia kwamba mchezaji wake ana viatu vibovu, anunue vingine. Viatu ambavyo havipo duniani. Alinunua kwa pesa za simu, kwa kugusa mara mbili, na hakuona ajabu. Kwenye konsoli yangu mtu analipa mechi na anajua amelipa nini. Kule analipa kidogo kidogo bila kutoa mkono mfukoni. Niliwaeleza haya vijana wote. Walinisikiliza kwa heshima, wakiendelea kucheza.

Siku moja saa nne asubuhi nilivuka barabara nikaenda kwenye meza ya jirani. Palikuwa na wanunuzi sita. Sikungoja waondoke.

"Jirani," nikamwambia, "mwambie yule muntu wako aache disjoncteur yangu."

Aliendelea kufungua kifuniko cha simu kwa ukucha. "Muntu wangu nani?"

"Yule unamulipa akate courant saa tisa."

Mmoja wa wanunuzi akacheka, kisha akaona kwamba sichezi. Jirani akaweka simu chini, polepole.

"Fundi wa Joburg," akasema, "mimi kama nataka kukukatia courant, nakunyima groupe yangu, jenereta ile. Iko kwako sasa mwezi ya ngapi?"

"Njo mana uliniazima. Juu bantu baseme uko muzuri."

"Ah. Kumbe mi niko na akili mingi vile." Akawageukia wanunuzi. "Munasikia? Miye najua kukata courant ya bantu kwa kukaa apa. Sijui hata kuweka ampoule ya taa, muke wangu njo anawekaka."

Walicheka wote. Nilijibu kwamba mwenye hila daima anajifanya mjinga, na nikarudi kwangu nikiwa nimesimama wima. Nilimsikia nyuma yangu akisema, bila kupandisha sauti, "Groupe ubaki nayo. Siku utamaliza kunisema mubaya, utaileta."

Lile lilinichoma kuliko kicheko. Sasa nilikuwa na deni kwa mtu niliyemwita mwizi. Kama nikikosea, nitakuwa nimemtukana aliyenisaidia. Kama nikiwa sahihi, nitakuwa nimetumia jenereta ya adui. Njia ya kutoka ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kumkamata mtu wake mkono ukiwa juu ya kijiti.

Nilimwambia yaya kwamba nakwenda mjini kutafuta vipuri, alinde chumba. Nikazunguka nyuma ya kiwanja, nikaingia kwenye kijia, nikakaa juu ya ndoo nyuma ya mabati, hatua tatu kutoka kwenye disjoncteur. Ilikuwa saa nane na nusu. Kutoka pale niliona kijiti vizuri kama ninavyoiona kalamu hii. Kuku alipita. Mtoto wa mpangaji alikuja kutafuta kandambili, akaondoka. Ndani nilisikia mechi moja tu ikichezwa, ya watu wawili, na hiyo peke yake ilikuwa huzuni. Saa tisa ikafika. Nikapunguza hata pumzi.

Kijiti kikashuka chenyewe. Tak.

Hapakuwa na mkono. Hapakuwa na mtu. Nilikaa juu ya ile ndoo nikitazama, na nakiri kwamba nywele za mikono zilisimama. Mtu asiye na diploma angekimbilia kwa mganga siku ileile, na nawajua watatu waliokimbia kwa sababu ndogo kuliko ile. Mimi nilisimama, nikaweka mkono juu ya kisanduku. Kilikuwa cha moto. Na hapo, kabla hata sijakifungua, mwanafunzi niliyekuwa zamani ndani yangu akaanza kuona aibu. Disjoncteur inayoshuka ikiwa na moto haijashushwa. Imechoka kubeba.

Niliufuata waya kwa kidole, ukutani, chini ya paa, mpaka kwenye soketi niliyomvutia yaya kama zawadi. Nikasukuma mlango wa chumba cha nyuma.

Sijapata kuona simu nyingi hivyo hata dukani kwa jirani. Zilikuwa juu ya meza, juu ya kitanda, juu ya cherehani, kwenye sinia za chakula, nyingine zimelazwa kama dagaa jua likiwaka. Tablette nilihesabu kumi na mbili, nikaacha. Kila moja ilikuwa na karatasi yenye jina, na nyaya zake zote zilikwenda kwenye multiprise, zile soketi za kugawa umeme, na multiprise ziliingia ndani ya multiprise nyingine, na zote ziliishia kwenye soketi yangu moja. Pembeni friji kubwa ya yaya, ile ya kugandisha maji ya kuuza, nayo ilikuwa imechomekwa palepale, imejaa chupa za moto ambazo ndiyo kwanza zimewekwa.

Yaya aliingia nyuma yangu akiwa na simu nyingine mbili mkononi.

"Umerudia mbio," akasema. "Vipuri hakuna?"

"Yaya, hii ni nini?"

"Bya ba mama. Si nilikuambiaka?"

"Uliniambia lini?"

"Tangu mwezi ile. Nilikuambia: kila siku saa tisa mi nasharje bya ba mama. Ukajibu, 'Vizuri, yaya, hiyo ni kazi.'"

Ilikuwa kweli. Niliyakumbuka maneno yake na niliukumbuka mdomo wangu ukijibu. Mjini kwetu neno hilo moja la Kifaransa, kusharje, lina kazi mbili: kupakia mizigo kwenye gari au treni, na kujaza betri ya simu. Yaya alikuwa mfanyabiashara wa Sakania tangu zamani. Alikuwa akiwapakia wenzake magunia, na mimi niliondoka nikimwacha akifanya hivyo. Miaka tisa kusini, simu nilikuwa naijaza kwa neno lingine kabisa. Kwa hiyo aliposema anasharje bya ba mama, mimi niliona magunia ya unga na mafungu ya samaki wakavu. Nilimsifu kwa magunia. Kumbe saa tisa akina mama wa mitaa isiyo na umeme wanarudi sokoni na simu zao, na tablette za watoto wao, wanamwachia yaya, na yaya anafungua friji anapanga chupa mpya. Vyote kwa mpigo mmoja, juu ya laini niliyoipima mwenyewe siku nilipokuwa na televisheni moja.

Disjoncteur ya ampere tano. Niliiweka mimi. Nikaongeza televisheni ya pili, nikaongeza ya tatu, na sikurudi kuipima hata siku moja, kwa sababu ilikuwa kazi ya mikono yangu na mikono yangu sikuishuku. Nilikuwa nimechunguza mtaa mzima kabla ya kuchunguza kisanduku kimoja.

"Yaya," nikasema, "njo weye unanikatia courant."

Alinitazama, akatazama simu, akaelewa. Hakuomba msamaha, wala sikutarajia aombe. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, kati ya tablette mbili.

"Mudogo wangu, ile daftari yako," akasema, "na miye niko ndani?"

"Haumo."

"Mbaya ile. Mi njo niko hapa siku yote."

Jioni ile nilinunua disjoncteur kubwa na waya mnene. Nikatenganisha laini, yake na yangu, kazi safi ambayo mtu yeyote anaweza kuja kuikagua. Asubuhi nikaandika kwenye ubao mlangoni kwamba umeme wa nyumba ya mechi sasa haukatiki. Nikafagia. Nikafuta manette zote, vile vishikio vya kuchezea, nikaketi kungoja watu.

Hawakuja.

Walikuja wachache, wale wa kila siku, na Jumapili chumba kilijaa nusu. Lakini wiki zilipita, umeme ulisimama imara kama ukuta, na mabenchi ya kwaya yalibaki na nafasi. Hilo lilikuwa gumu kulibeba kuliko hujuma. Nilipokuwa na adui nilijua nifanye nini na daftari langu. Sasa hapakuwa na mtu wa kuandika. Nilimwita yule dereva wa pikipiki niliyekuwa nimemwandika mara sita, nikamuuliza bila kuzunguka kwa nini haingii tena.

Alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, simu mkononi. Alifikiri kidogo, kwa adabu.

"Patron, usikasirike. Kwako nalipa juu ya kufungwa. Huku nafungwa bure."

"Na televizyo kubwa? Na kelele? Na bantu?"

"Bantu beko humu," akasema, akigonga kioo. "Halafu kama muteja anakuya, naifunga, naenda, narudia palepale. Kwako nikiacha mechi, ule mwingine ananifunga sita."

Nilirudi ndani nikazitazama konsoli zangu tatu. Wenye kuzitengeneza walikuwa wametoa mpya zaidi kule duniani. Nilikuwa nimesoma habari zake: zinataka kuunganishwa kila mara, zinataka kuvuta vitu vizito kutoka hewani kabla hazijakubali hata kuwaka vizuri. Kwa mega za intaneti tunazonunua sisi, kuiandaa moja tu kungemaliza faida ya mwezi. Nikasoma pia kwamba wao wenyewe sasa wanatafuta namna ya kuingiza michezo yao ndani ya simu. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu. Kumbe nao wamekaa juu ya ndoo, nyuma ya mabati, wakitazama kijiti kinashuka na hakuna mkono.

Sikufunga siku ile, wala mwezi ule. Nikifunga, ningerudisha vitu kama mtu aliyeshindwa, na maneno ya Makomeno yangekuwa ya kweli. Lakini kila saa tisa nilianza kuingia chumba cha nyuma, mwanzoni kumsaidia yaya kupanga nyaya ili asituchome. Hapo ndipo nilipoona. Katika kila simu kumi, nne hazishiki moto vizuri. Watoto na wakubwa wanacheza huku simu ikijaa, wanavuta waya, wanapinda mdomo wa kuchomekea mpaka unalegea. Tablette za bei ndogo ndizo mbaya zaidi. Betri zimevimba kama maandazi. Akina mama walikuwa wanafunga nyaya kwa mpira na kuweka jiwe juu yake.

"Hii inatengenezwa," nikamwambia mama mmoja, nikimwonesha tablette ya mtoto wake.

"Na nani? Kule mujini balisema nitupe."

"Na miye."

Alinitazama kwa wasiwasi, kisha akatazama kupitia mlango, ukutani, kwenye fremu. "Kumbe ile karatasi ni ya kweli," akasema.

Sitajificha nyuma ya unyenyekevu: nilikuwa fundi bora wa mdomo wa simu Ruashi yote, na labda ng'ambo ya Ruashi. Nilichofunga hakikufunguka. Meza ya kwanza ikawa mbili. Konsoli mbili niliziuza kwa mtu wa Sakania aliyekuwa na matumaini. Ya tatu niliibakiza na televisheni yangu mwenyewe, kwa ajili ya Jumapili, kwa wale ambao bado wanapenda kupiga kelele pamoja. Simu siziamini hata leo. Kitu kinachoingia mfukoni mwa kila mtu kwa haraka vile kitatoka kwa haraka, na nimekwisha kuanza kujiuliza ni nini kitakuja kuzishushia kijiti. Lakini wakati nangoja, nazitengeneza.

Ikafika siku ambayo vitu vya kuazima vilikuwa vimekaa chumbani bila kazi, na mimi sikuwa mwombaji wa mtu. Nilichagua Jumamosi, saa tatu asubuhi, watu wakiwa barabarani. Nilikodi mkokoteni. Nilijua vizuri watakavyoelewa. Televisheni inatoka, mabenchi yanatoka, basi, mtu wa kusini amefunga. Nilisikia mmoja akisema hivyo palepale, "Bamemufungia," na nikamwacha aseme.

Televisheni ya mjomba ilifika Makomeno imefutwa. Sauti yake, iliyokuwa inakwaruza tangu kabla yangu, nilikuwa nimeitengeneza. Mjomba aliiwasha, akapandisha sauti mpaka mwisho, akashusha, akapandisha tena. "Hii haina yangu," akasema. Nikamwambia ni yake. Akaniambia nikae, nile, na hakusema neno lingine juu ya mvua wala diploma. Mabenchi niliyarudisha na misumari mipya, mzee wa kwaya akakalia kila moja, yote manne. Televisheni ya yaya niliiingiza sebuleni mwake kwa mikono yangu. Aliniambia niiweke mbali na dirisha, akarudi kwa simu zake.

Jenereta niliibakiza mwisho. Niliivusha barabara mwenyewe, bila mkokoteni, nimeikumbatia tumboni kwa sababu ni nzito. Jirani alikuwa kwenye meza yake. Nikaiweka chini mbele yake. Nilikuwa nimebadilisha plagi, nimesafisha kabureta, na tangi nililijaza, ingawa aliponipa lilikuwa nusu. Alifungua kifuniko akanusa, akatazama ndani, akafunga.

"Ulinisemaka mubaya," akasema. "Mbele ya bantu bane."

"Balikuwa sita," nikamwambia. "Niliwahesabu. Sema yako, jirani, nilikukosea."

Alishika kamba, akaivuta mara moja, na jenereta ikawaka. Nilingoja aizime ili aseme lake, lakini hakuizima. Tulisimama pande mbili za meza tukiisikiliza, na kwa kelele ile hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kitu.